Jembe la Jumapili

Mambo yote haya yalianza na pakiti ya hamira, ile ndogo wanayokandia maandazi. Mwinjilisti Rahabu aliikuta Jumapili asubuhi kwenye kizingiti cha kanisa la mtaa wa Bethania, kijiji cha juu kabisa ukishapita Lukozi. Ilikuwa imelazwa katikati ya jani bichi la mgomba kana kwamba ni mgonjwa. Akadhani kuna mama kaiangusha akitoka dukani. Akaiokota, akaitia mfukoni mwa sweta, akaingia kufungua madirisha.

Siku hizo Rahabu hakuwa na nafasi ya kuwaza hamira. Alikuwa na jambo moja tu moyoni, nalo ni kuondoka. Wiki hiyohiyo alikuwa ameshuka usharikani, kanisa mama la mitaa ile, kumwambia Mchungaji Edgar kwamba amechoka, mtaa utafutiwe mtu mwingine. Dada yake ana kibanda cha matunda na viungo sokoni Muheza, anataka msaidizi, na Muheza kuna joto. Mchungaji, kijana mpole asiyejua kumkatalia mtu mzima, alimsihi angoje Sikukuu ya Mavuno. Siku hiyo angepanda mwenyewe kuleta Meza ya Bwana, angetangaza mbele ya watu na kumuaga kwa heshima. Rahabu akakubali. Alikuwa mjane, wanawe wana miji yao, hakuna wa kumshika mkono.

Wala tusiharakishe kumlaumu. Anayesema kazi ya Mungu haichoshi hajawahi kuhubiria mabenchi. Malori ya kabichi yalikuwa yakipakia Jumapili ili mzigo ufike Dar es Salaam Jumatatu alfajiri, na kabichi haingoji mtu amalize kusali. Vijana wamefuata kinanda kwenye kanisa la turubai kule bondeni. Waliobaki Bethania ni kina mama wachache, mzee wa kanisa Kristian mwenye kikohozi, na Mwalimu Valentino, ambaye alikuja kwa sababu mkewe alimfuata nyuma njia nzima. Rahabu aliandaa Neno juma zima, akalisema, wakamsikiliza kwa adabu, wakatoka. Hakuna aliyewahi kumwambia hata, mwinjilisti, pale sikuelewa. Na akirudi nyumbani akipiga magoti, aliona anazungumza na paa.

Tena kulikuwa na lile jembe. Chini ya ukuta wa kanisa, upande wa madirisha, mlima umekatwa ngazi za mashamba, na ngazi ya kwanza ni ya maharage ya jirani, Hashimu. Kila Jumapili kwaya ikianza tu, mama mmoja mzee aliyejitanda ushungi huanza kupalilia pale, jembe likigonga mawe, ko, ko, ko, likipishana na ngoma. Rahabu alimjua kwa kumwamkia kutoka njiani tu. Alikuwa mtu wa nyumba ya Hashimu, na Hashimu ni Mwislamu, basi Jumapili kwao ni siku ya kazi, haki yao. Ila angalau angepalilia ngazi nyingine.

Jumapili iliyofuata ile ya hamira, kizingitini palikuwa na mbegu za maharage, kiasi cha kujaza kiganja, zimefungwa kwenye jani lilelile la mgomba. Iliyofuata tena, kichupa cha mafuta ya kupikia na unga wa mahindi kidogo kwenye kikombe cha bati. Hapo Rahabu akasimama mlangoni na ufunguo mkononi, akafikiri mpaka chai aliyokunywa nyumbani ikapoa tumboni.

Hamira ilikuja baada ya Neno la chachu kidogo inayochachusha unga wote. Mbegu zilikuja baada ya Neno la mpanzi. Na Jumapili iliyopita alikuwa amehubiri habari ya yule mjane aliyempikia nabii kwa unga wa mwisho na mafuta ya mwisho. Kuna mtu alikuwa anamsikiliza. Si kumsikiliza kwa adabu. Alikuwa analichukua Neno nyumbani, analitafuna juma zima, kisha analeta ganda lake kumwonyesha kwamba amekula.

Kuuliza si ujinga, lakini amuulize nani? Katika kanisa lile, ibada ikiisha watu husimama nje kwa mnada. Sadaka zisizo fedha, mayai, karoti, jogoo, plamu zikiwa zimeiva, mzee Kristian huziinua moja moja na kuzinadi, mwenye kupenda ananunua, hata majirani Waislamu huja kununua kwa sababu bei ni ya kindugu. Rahabu akampa Kristian kile kikombe cha unga ili akinadi, na yeye mwenyewe akawa anachungulia nyuso. Hakuna uso uliobadilika. Mwalimu Valentino ndiye aliyenunua, akalalamika kwamba unga hautoshi hata uji wa paka.

Basi mwinjilisti wetu, mtu mzima, mwenye cheti cha chuo cha Biblia, akaanza kuchagua Neno kama mkulima anayetega fuko. Akasema moyoni, nitahubiri Yona, nione huyu mtu atapata wapi nyangumi huku milimani. Akahubiri Yona kwa bidii ambayo hakuwa nayo tangu mvua za masika, akamzamisha, akamtapisha nyangumi ufukoni, mpaka Kristian akasahau kukohoa. Jumapili iliyofuata kizingitini palikuwa na samaki mkavu, wa kutoka Tanga bila shaka, amekauka kama kandambili, na macho yake anayo. Rahabu akacheka peke yake mlangoni mwa kanisa, jambo ambalo hakulifanya siku nyingi.

Akahubiri kondoo aliyepotea, akakuta kitita cha sufu. Akahubiri taa iliyofichwa chini ya pishi, akakuta kipande cha mshumaa. Siku moja aliwahi alfajiri, ukungu bado umelala njiani, amkamate mhusika. Akakuta kitu cha juma hilo kipo tayari, na umande wa majanini umekanyagwa kuelekea mashambani, lakini huko kila mtu huelekea. Alimshuku Kristian, akamwona hana utani wa namna hiyo. Alimshuku mke wa Valentino, akamtega kwa maneno, mama yule akadhani anaombwa samaki. Juma zima Rahabu alikuwa akipika, akichuma njegere, akisimama dukani, na swali ni hilohilo: ni nani? Muheza ilikuwa bado ipo akilini, lakini sasa ilikuwa inangoja zamu yake.

Halafu ikaja Jumapili mbaya. Mvua ya upepo ilinyesha tangu usiku, bati la upande wa madhabahu likafumuka, maji yakawa yanadondokea kitambaa cheupe. Walikuja watu wanne, na mmoja wao alikuja kujikinga mvua. Simu ya dada ilikuwa imeingia jana yake kwamba chumba kimeshapatikana, asafiri tu. Rahabu alisimama mbele bila kumtega mtu yeyote. Akasimulia habari ya Eliya, nabii aliyefanya kazi kubwa kisha akakimbilia jangwani, akaketi chini ya mti, akamwomba Mungu amtoe duniani kwa sababu imetosha. Alipofika pale akaifunga Biblia. Hakusema malaika alikuja na nini. Hakumaliza hadithi. Akaomba kwa kifupi, akawaruhusu watu warudi kwenye moto wa nyumbani, na yeye akalia akikinga maji kwa sufuria.

Jumapili iliyofuata alipanda kilima taratibu. Alijiambia hatazami kizingiti, na akatazama.

Palikuwa na mkate mdogo wa duara, umeokwa kwenye makaa, mweusi chini na wa moto bado, na kando yake chupa ya maji yenye kizibo cha gunzi la hindi.

Yeyote anayeijua habari ile anajua malaika alimletea Eliya nini pale chini ya mti. Alimletea mkate wa makaani na maji, akamwamsha, akamwambia ale maana njia bado ni ndefu. Rahabu aliyaacha haya jangwani Jumapili iliyopita kwa kukosa nguvu ya kuyasema, na mtu alikuwa ameyamalizia. Akaketi palepale kizingitini, akala mkate wote, mweusi na mweupe, akanywa maji mpaka tone la mwisho. Mzee Kristian alipofika na kuuliza kama leo hakuna cha mnada mlangoni, akamjibu kwamba kilikuwepo, amekila. Kristian akamtazama kwa wasiwasi kidogo.

Siku hiyo Rahabu hakutaka tu kujua, alihitaji kujua. Kwaya ilipoanza, aliketi kwenye kiti cha mwinjilisti, akafumba macho, akasikiliza kanisa zima kana kwamba hajawahi kuingia humo. Akasikia ngoma. Akasikia kikohozi. Akasikia jembe, ko, ko, ko. Wimbo ukaisha. Akasimama, akasoma, akaanza kuhubiri, na katikati ya sentensi akagundua kwamba kuna kitu hakisikiki. Jembe lilikuwa limenyamaza.

Akaendelea kusema huku masikio yako dirishani. Kimya. Alipomaliza na kina mama wakainua wimbo, jembe likaanza tena. Akasogea dirishani, akatazama chini. Yule mama alikuwa ameinama kwenye maharage ya Hashimu, anapalilia, na Rahabu, ambaye ni mtoto wa mkulima, akaona leo jambo ambalo macho yake yalikuwa yakiliruka kila Jumapili. Shamba lile halikuwa na gugu. Udongo ulikuwa umetifuliwa ukatifuliwa mpaka umekuwa laini kama unga. Hakuna mkulima duniani anayepalilia kila wiki mahali pasipo na kitu cha kupalilia.

Mnada ulipoanza nje, alimvuta Kristian pembeni akamuuliza yule mama ni nani hasa. Kristian akasema ni mkwe wake Hashimu, ndiye aliyemzaa Latifa, mke wa Hashimu. Akakwaruza koo, akaongeza kwamba zamani alikuwa wetu, jina lake Eliza. Binti yake alipoolewa na Hashimu na kusilimu, mama akaenda kwenye harusi na kupika, na wazee wa kanisa wa wakati ule wakamtenga. Tangu hapo hakuonekana tena. Alipofiwa na mumewe akahamia kwa mkwewe, akaanza kujitanda ushungi kwa baridi ya huku au kwa heshima ya nyumba ile, na wao wakadhani amesilimu naye.

"Mlimuuliza?" Rahabu akasema.

Kristian akatazama jogoo aliyekuwa mikononi mwake. Hawakumuuliza.

Rahabu akateremka ngazi za shamba na viatu vyake vya ibada, akateleza mara moja, akafika na tope mpaka magotini. Mama Eliza alikuwa ameketi kwenye jiwe anafuta jembe kwa majani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Onga mshi," akamwamkia na kwa lugha ya huku milimani. "Umechafuka."

Rahabu akaketi kwenye udongo, maana jiwe lilikuwa moja. Akamwambia ameula mkate. Mama akaitikia kwa kichwa tu, kama mtu aliyeambiwa kwamba mvua imekatika. Akasema alijiuliza juma zima, huyu mwinjilisti anamsema Eliya au anajisema mwenyewe? Akaona kwa vyovyote mkate hautamdhuru.

"Kwa nini hukuingia, mama? Miaka yote hii, mvua na jua, uko chini ya dirisha."

"Nilitengwa. Aliyetengwa havuki kizingiti."

"Nani alikwambia hivyo?"

"Hakuna aliyeniambia," Mama Eliza akasema. "Na hakuna aliyeniambia vingine."

Hapo Rahabu alishikwa na hasira mpaka masikio yakamwaka, na hakujua amkasirikie nani, maana mwinjilisti wa wakati ule ameshazikwa na wazee wenzake wamebaki wakikohoa. Kutengwa ni kuzuiwa Meza ya Bwana mpaka mtu atengeneze mambo yake. Benchi hazuiwi mtu. Mwizi anakaa, mlevi anakaa, mwenye kuangalia simu katikati ya sala anakaa. Na mama huyu alikuwa amekaa nje nusu ya maisha ya binti yake kwa kosa la kutofafanuliwa neno moja, na kanisa likadhani ameondoka, naye akadhani amefukuzwa, wamepishana ukuta mmoja wa mawe. Rahabu akamweleza yote haya taratibu. Mama akasikiliza huku mikono imetulia, na sasa Rahabu akajua alivyokuwa akisikiliza siku zote.

Akamuuliza na habari ya jembe. Mama akasema nyimbo anazijua zote, anaweza kulima huku anaimba moyoni, na mtu mwenye jembe haulizwi anangoja nini pale. Neno ndilo jipya, ndilo linataka mikono ikae. Na vile vitu vya mlangoni? Mama akamshangaa kidogo.

"Mtu akikusalimu, huitikii? Wewe ulikuwa unanisalimu kwa Neno kila Jumapili. Kikapuni mwa sadaka siwezi kutia mkono. Nikaona mlangoni si ndani."

Rahabu akainamisha uso. Yeye alikuwa amelia kwa sababu hakuna anayemwitikia, na kumbe aliitikiwa mpaka na samaki.

Basi akamwambia arudi kundini, Mavuno yamekaribia, mchungaji atakuja, ni jambo la siku moja. Mama Eliza akatikisa kichwa. Anajua wanaorudi kundini husimama mbele wakasema wanajuta. Ajute nini? Binti yake alikuwa anaolewa, kwa dini isiyo ya mama yake, ni kweli, na mama alilia usiku kabla. Asubuhi akaamka akapika pilau, kwa sababu ni binti yake.

"Silii tena, wala sijuti kupika. Nisimame mbele ya Mungu nimdanganye ili nipate kiti? Afadhali nikae huku na maharage."

Siri ya mtungi aijuaye kata. Watu walidhani mama huyu ameacha imani, kumbe ndiye aliyeishikilia kuliko wote, hata hakukubali kuilipia kwa uongo mdogo ambao wengi wetu tungeutoa bila kukohoa.

Rahabu alishuka usharikani keshoye. Mchungaji Edgar alidhani amekuja kuchukua barua yake ya kuagwa, akakuta mama anayezunguka chumba kizima akidai. Walibishana tangu asubuhi mpaka wali ukaletwa. Edgar alisema utaratibu ni utaratibu. Rahabu akamuuliza utaratibu gani unaomtaka mama ajute kumpikia mtoto wake. Mwisho yule kijana akasema yeye atamuuliza swali moja tu, kama anamwamini Bwana Yesu Kristo, na akijibu ndiyo, atampa mkono wa ushirika, na wazee wakiuliza atawajibu yeye. Rahabu akampelekea Mama Eliza maneno hayo. Mama akashukuru, akasema amesikia. Hakusema atakuja.

Sikukuu ya Mavuno ikafika na jua la baridi. Kanisa lilipambwa kwa mabua ya mahindi na kabichi kubwa kama vichwa vya ng'ombe, na watu walikuwa walewale wachache, wakiongezeka ndugu wawili watatu. Rahabu alifika mapema. Kizingitini hapakuwa na kitu. Alitazama mara mbili, akainua hata mkeka wa kufutia miguu. Moyo ukamshuka kama ndoo iliyokatika kamba. Mchungaji Edgar akamnong'oneza kama tangazo lile alitoe mwanzoni au mwishoni, na Rahabu akasema mwishoni, mnada ukiisha.

Kwaya ikaanza. Chini ya madirisha jembe likaanza, ko, ko, ko, kama Jumapili zote. Rahabu akafumba macho. Ndiyo, alijisemea, mtu akizoea nje, nje ndiko kwake. Ubeti wa kwanza ukaisha, wa pili ukaanza. Na katikati ya ubeti wa pili, wimbo haujaisha, Neno halijaanza, jembe likanyamaza.

Hakuna mwingine aliyesikia. Rahabu alifumbua macho, akautazama mlango. Ubeti wa tatu ukapita wote. Kisha mwanga wa mlangoni ukazibwa, na Mama Eliza akawa amesimama pale, tope kwenye miguu, jembe mkononi, ametazama chini kwenye kizingiti kama mtu anayepima mtaro kabla ya kuruka. Akaliegemeza jembe ukutani. Akainua mguu wa kulia, akauweka ndani, ukafuata na wa pili. Akaketi benchi la nyuma, karibu na dirisha ambalo alikuwa akilisikiliza kutoka upande wa pili. Mzee Kristian aligeuka, akamwona. Akainuka na fimbo yake, akahamia benchi lile, akakaa kando yake.

Alipoulizwa lile swali moja, Mama Eliza alijibu ndiyo kwa sauti ya mtu aliyeshangazwa kwamba kuna anayeuliza. Akapokea mkate na divai.

Nje, mnada ulikuwa mkubwa. Hashimu na Latifa walikuwa wamekuja kununua kama majirani wengine, na Latifa alikuwa akimtazama mama yake na kufuta macho kwa pembe ya ushungi. Kristian akanadi viazi, akanadi jogoo, akanadi maboga, kisha kwa mazoea akachukua kilichoegemea mlangoni, akakiinua juu, na watu wakacheka. Lilikuwa jembe. Akaomba radhi, akataka kulirudisha, lakini mwenyewe akamzuia.

"Linadi tu, mzee Kristian," Mama Eliza akasema. "Lile shamba halina gugu."

Hashimu akataja bei, ya kumfurahisha mkwe. Mtu akaongeza kidogo. Kisha sauti ikatoka nyuma, karibu na mchungaji, ikaongeza zaidi, na watu wakageuka. Alikuwa mwinjilisti. Hashimu akacheka, akamwachia.

Mchungaji Edgar akamwinamia, akamuuliza taratibu jembe la nini, na yeye anakwenda Muheza kuuza iliki.

"Bati linavuja," Rahabu akasema, "na nyuma ya kanisa lazima uchimbwe mfereji wa maji kabla ya vuli. Tena sijamaliza habari ya Eliya."

Akalipia jembe lake, akaenda akaliegemeza ndani ya mlango.